Mafuta Yalikuwepo, Dereva Hakuwepo: Jinsi Uhamiaji Unavyogusa Biashara Kupitia Mnyororo wa Ugavi

Mwishoni mwa Septemba 2021, Waingereza walipanga foleni ndefu vituoni wakisaka petroli. Wengi waliamini kwamba nchi imeishiwa mafuta. Haikuwa hivyo. Mitambo ya kusafisha mafuta ilikuwa ikifanya kazi na maghala yalikuwa na akiba. Waliopungua ni watu wa kuendesha malori ya kuyatoa mafuta ghalani na kuyafikisha kituoni. Habari za uhaba katika vituo vichache ziliposambaa, kila mwenye gari alikimbilia kujaza tangi, na kwa siku chache pampu nyingi zikakauka. Oktoba 4 serikali iliwatoa wanajeshi waendeshe malori.

Chama cha wasafirishaji wa mizigo kilikuwa kimekadiria kuwa nchi ina upungufu wa madereva 100,000 hivi. Sababu zilikuwa nyingi, na haki ni kuzitaja. Mitihani ya leseni ilisimama wakati wa korona, madereva wengi umri ulikuwa umekwenda, na kazi yenyewe ya kulala barabarani ilikuwa imepoteza mvuto kwa vijana. Lakini ipo sababu nyingine iliyoingia moja kwa moja katika hesabu hiyo. Desemba 31, 2020 raia wa nchi za Umoja wa Ulaya walipoteza uhuru wao wa kuingia na kufanya kazi Uingereza, na maelfu ya madereva kutoka Polandi, Romania na kwingineko walikuwa wamekwisha kurudi kwao.

Sasa mfikirie mwenye kituo cha mafuta. Hakuwa ameajiri dereva yeyote kutoka Romania. Huenda wahudumu wake wote walizaliwa mtaa uleule. Angeulizwa kama sera ya uhamiaji inaigusa biashara yake, angejibu kwa moyo mweupe kwamba haimhusu. Na bado pampu zake zilikauka.

Hapo ndipo mjadala wa wahamiaji unapopotea njia mara nyingi. Watu husimama getini mwa kampuni na kuhesabu wageni wanaoingia asubuhi. Wakiwa wengi, wanasema kampuni hii inategemea wahamiaji. Wasipoonekana, wanasema haiwategemei. Hesabu hiyo haitoshi, kwa sababu athari kubwa ya uhamiaji kwa biashara nyingi huja kutoka mbali, kwa wauzaji, wasafirishaji na wasindikaji ambao mwenye biashara hajawahi hata kuwaona.

Tuanze na maneno yenyewe

Mnyororo wa ugavi ni safari nzima ya bidhaa, kuanzia malighafi mpaka mikononi mwa mtumiaji, pamoja na watu wote wanaoisukuma njiani. Chukua shati. Kuna aliyelima pamba na aliyeichambua, kuna aliyesokota uzi, aliyefuma kitambaa, aliyetia rangi, aliyekata na aliyeshona. Vifungo vimetoka kiwanda kingine kabisa. Kisha likafungashwa, likapakiwa kwenye kontena, likavuka bahari, likashushwa, likalala ghalani, likafika dukani. Kila hatua ni pete moja ya mnyororo. Upande wa malighafi huitwa juu ya mnyororo na upande wa mnunuzi huitwa chini, kama vile mto unavyoshuka kutoka kwenye chemchemi.

Uhamiaji nao ni watu kuvuka mpaka wa nchi na kwenda kuishi au kufanya kazi nchi nyingine. Neno hili moja limebeba watu wa aina nyingi. Yupo kibarua wa msimu anayekuja miezi mitatu kuvuna na kuondoka. Yupo anayehamia moja kwa moja na kufungua biashara, na yupo fundi anayeletwa wiki chache kufunga mtambo. Wapo wakimbizi. Wapo wanaofanya kazi bila kibali, ambao hawaonekani kwenye orodha rasmi lakini jasho lao limo ndani ya bidhaa. Wanasiasa huwazungumzia wote kana kwamba ni kundi moja. Kwenye mnyororo wa ugavi kila mmoja ana mahali pake, na akiondoka huacha pengo la namna yake.

Mstari wa ndoo

Wafikirie watu waliojipanga mstari kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua, wakipokezana ndoo za maji. Mmoja wa katikati akitoka, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Nyuma yake ndoo zilizojaa zinarundikana na maji yanamwagika chini. Mbele yake watu wanabaki mikono mitupu. Kisima hakijakauka, na waliobaki hawajawa wavivu. Ametoka mtu mmoja tu.

Uingereza ya mwaka huohuo wa 2021 inaonyesha mrundikano wa nyuma ulivyo mchungu. Machinjio yalipungukiwa na wakata nyama, kazi ya ustadi iliyokuwa ikifanywa kwa sehemu kubwa na watu wa Ulaya Mashariki. Mashine za machinjioni zilikuwepo, wanunuzi walikuwepo, na nguruwe walikuwepo tele mabandani. Tatizo ni kwamba nguruwe hasimami kukua eti kwa sababu machinjio yamepunguza kasi. Anaendelea kunenepa mpaka anapita uzito uliokubaliwa kwenye mkataba, na bei yake inashuka. Nguruwe jike wanaendelea kuzaa na banda halina nafasi. Wafugaji walifikia hatua ya kuua maelfu ya wanyama wenye afya na kuwatupa. Serikali ilitoa viza 800 za muda kwa wakata nyama, wakati hasara imekwisha kuingia. Mfugaji aliyezika mifugo yake huenda hakuwahi kukosa mfanyakazi hata siku moja shambani kwake. Pete iliyokatika ilikuwa hatua moja mbele yake.

Mikono mitupu ya mbele ilionekana miaka kadhaa kabla, huko Marekani. Mei 12, 2008 maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama cha Agriprocessors katika mji mdogo wa Postville, jimbo la Iowa, na kuwakamata watu 389. Kiwanda hicho ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote nchini humo kwa nyama ya kosheri, yaani iliyochinjwa kwa kufuata sheria za dini ya Kiyahudi. Uzalishaji ukaporomoka, na nyama hiyo ikawa adimu katika bucha za miji iliyo maelfu ya kilomita kutoka Iowa. Kabla mwaka haujaisha kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ndani ya Postville kwenyewe, mji wa watu wasiozidi elfu chache, familia zilihama, nyumba za kupanga zikabaki tupu, na maduka yaliyokuwa yakiwauzia wafanyakazi wale yakakosa wateja. Hao wenye maduka walikuwa kwenye mnyororo pia, ingawa si wa nyama: mfanyakazi mhamiaji ni mnunuzi, mpangaji na abiria.

Kinachoamua ukubwa wa madhara si idadi ya waliotoka peke yake. Ni mahali walipokuwa wamesimama. Pengo katika kazi inayoweza kungoja wiki mbili huzibika kimyakimya. Pengo penye bidhaa inayooza, msimu usiosogezwa, au ujuzi usiopatikana kwingine huangusha biashara ambazo hazijui hata kilichozipiga.

Kwa nini Ujerumani ilifungulia ndege mlango uliofungwa

Aprili 2020 nchi za Ulaya zilikuwa zimefunga mipaka kwa hofu ya korona. Hata hivyo Ujerumani ilitangaza kuwa itaruhusu vibarua 40,000 wa mashambani waingie mwezi huo na wengine 40,000 mwezi wa Mei. Wengi walikuja kwa ndege za kukodi kutoka Romania.

Kilichosukuma uamuzi huo ni asparaga nyeupe, mboga ambayo Wajerumani huingoja kwa hamu mwaka mzima. Mashina yake hufichwa chini ya tuta la udongo, na kila moja huchimbuliwa kwa mkono na kukatwa kwa kisu bila kuvunja jirani yake. Uvunaji hukoma kwa desturi Juni 24, ili mmea upumzike na kuzaa tena mwaka unaofuata. Kwa hiyo mkulima hana fursa ya kusema atavuna mwezi wa nane hali ikitulia. Yalitolewa matangazo ya kuwaita wenyeji waliosimamishwa kazi, wanafunzi na wahudumu wa hoteli, na wengi walijitokeza kwa nia njema. Lakini kuinama kutwa nzima kwa mwendo unaotakiwa ni ujuzi, na mwili hauupati kwa wiki moja. Neno "kazi isiyo na ujuzi" linatudanganya sana hapa. Mara nyingi maana yake ni ujuzi usio na cheti.

Mwaka huohuo ulifunua pete nyingine ambayo ni wachache tunaoikumbuka: mabaharia. Zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya dunia, kwa ujazo, husafiri kwa meli, na meli hizo zinaendeshwa na watu chini ya milioni 2, wengi wao kutoka Ufilipino, India, Indonesia, China na Urusi. Baharia ni mfanyakazi anayevuka mipaka kila mara: huruka kwa ndege kwenda kupanda meli nchi moja, na miezi kadhaa baadaye huteremkia nchi nyingine na kurudi nyumbani. Bandari zilipokataa kuwapa ruhusa ya kushuka, zamu hazikubadilika. Kufikia mwishoni mwa 2020, mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamenaswa baharini mikataba yao ikiwa imekwisha, na karibu idadi kama hiyo walikuwa nyumbani bila kipato, wakisubiri kuwapokea zamu. Kila aliyepokea mzigo mwaka ule aliupata kwa mikono ya watu waliochoka kupita kiasi. Sijui kama kuna kundi la wafanyakazi linalodaiwa shukrani zaidi na kupewa kidogo zaidi.

"Wakiondoka, wenyeji watazichukua kazi hizo"

Hii ndiyo hoja inayosikika kuliko zote, na si ya kijinga. Mantiki yake ni nyepesi: wafanyakazi wakipungua, mwajiri atalazimika kupandisha mshahara, na mwenyeji atavutika. Wakati mwingine hutokea hivyo. Baada ya uhaba wa 2021 madereva wa malori Uingereza waliongezewa malipo. Lakini hoja inasahau kwamba mwajiri ana njia nyingine, na mara nyingi huchagua hizo.

Kuna jaribio kubwa la kihistoria la kupimia jambo hili. Kuanzia 1942 Marekani ilikuwa na mpango ulioitwa Bracero wa kuleta vibarua wa mashambani kutoka Meksiko kwa mikataba. Katika kilele chake, mwaka 1956, mikataba ilipita 400,000 kwa mwaka. Serikali iliufuta mwishoni mwa 1964 kwa nia iliyotangazwa wazi: kuinua mishahara ya vibarua wa Marekani. Miaka zaidi ya 50 baadaye, wachumi Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel walirudi kwenye kumbukumbu za mishahara za wakati ule. Walilinganisha majimbo yaliyopoteza vibarua wengi na yale ambayo hayakuwa nao kabisa. Mishahara haikupanda kwa kasi zaidi kule walikoondolewa.

Kilichotokea kinaonekana vizuri kwenye nyanya za California. Wataalamu wa chuo kikuu cha Davis walikuwa tayari wameunda mashine ya kuvuna nyanya za kusindika, lakini nyanya laini ya kawaida ilipondeka humo. Ilibidi kuzalisha mbegu mpya, ya nyanya yenye ngozi ngumu, inayoiva yote kwa wakati mmoja ili mashine ipite mara moja tu. Kabla ya 1964 wakulima wachache waliinunua. Mpango wa Bracero ulipofutwa, ndani ya miaka michache karibu zao lote la nyanya za kusindika lilikuwa likivunwa kwa mashine. Mashine ni ghali, na inahitaji shamba kubwa ili ijilipe, hivyo wakulima wadogo kwa wingi waliacha kulima nyanya. Mazao yasiyokuwa na mashine yake, kwa mfano yale laini ya kuchumwa moja moja, yalipungua eneo. Mwenyeji hakupata kazi ya kibarua yule. Kazi yenyewe ilibadilika umbo au ikafutika.

Miaka ya karibuni ina mfano wa haraka zaidi. Mwaka 2011 jimbo la Georgia lilipitisha sheria kali dhidi ya wasio na vibali. Wavunaji wengi walilikwepa jimbo hilo msimu uleule, na uchunguzi wa serikali ya jimbo ukakuta nafasi 11,000 hivi za mashambani hazina watu. Gavana alipendekeza zijazwe na wafungwa wa nje, yaani waliohukumiwa kutumikia adhabu wakiwa chini ya uangalizi. Baadhi walikwenda, na wengi wao hawakudumu.

Msomaji anaweza kuuliza: basi mbona bei za vyakula hazikulipuka? Swali zuri, na jibu lake limo ndani ya mnyororo. Katika kila dola ambayo Mmarekani hutumia kwa chakula, takribani senti 15 tu humfikia mkulima. Zilizobaki ni za kusindika, kufungasha, kusafirisha, kuuza na kupika. Gharama ya uvunaji ni sehemu ya zile senti 15, kwa hiyo hata ikipanda sana, bei ya rafu husogea kidogo. Mkulima akifunga shamba, mwenye duka hununua kutoka nje. Leo zaidi ya nusu ya matunda mabichi yanayoliwa Marekani yanaagizwa kutoka nchi nyingine. Mlaji haoni tofauti kubwa, ilhali muuza mbegu, fundi wa matrekta na mwenye ghala la baridi waliokuwa wakimhudumia mkulima yule wamepoteza mteja. Anayetafuta athari kwenye bei ya dukani peke yake ataondoka akidhani hakuna kilichotokea.

Nyuma ya hoja ile kuna dhana nyingine iliyojificha, kwamba idadi ya kazi katika nchi ni kama mkate mmoja: mgeni akimega, kipande cha mwenyeji kinapungua. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 waliingia Marekani kwa boti kutoka bandari ya Mariel, na wengi wakabaki Miami. Nguvukazi ya mji ikaongezeka kwa asilimia 7 hivi ndani ya miezi. Mchumi David Card aliyekuja kushinda Tuzo ya Nobel mwaka 2021 alichunguza tukio hilo, na hakuona mishahara wala ajira za wenyeji zikiporomoka. Miaka mingi baadaye mchumi mwingine, George Borjas, alizipitia takwimu upya na kudai kwamba wanaume wasiomaliza sekondari waliumia. Wachumi bado wanabishana kuhusu kundi hilo dogo, na ubishi huo unastahili kuheshimiwa. Ila hakuna mkate uliogawanywa kwa kisu: wageni walikula, walipanga nyumba, walinunua viatu, na mahitaji hayo yakazaa kazi nyingine.

Mashine huja na fundi wake

Tunapotaja wahamiaji, mawazo hukimbilia shambani. Septemba 4, 2025 yalihamia kwenye kiwanda cha betri za magari ya umeme kilichokuwa kikijengwa Georgia kwa ubia wa Hyundai na LG, kampuni za Korea Kusini. Maofisa wa uhamiaji waliwakamata watu 475, zaidi ya 300 kati yao raia wa Korea Kusini. Wengi walikuwa watu wa makandarasi na wasambazaji, waliokuwepo kufunga na kuwasha mitambo. Wakarudishwa kwao kwa ndege, na Hyundai ikasema ufunguzi utachelewa kwa miezi isiyopungua miwili au mitatu.

Jambo la kulielewa hapa ni la kiufundi zaidi kuliko la kisiasa. Mtambo wa kutengeneza betri haununuliwi kama jiko la gesi unalofungua boksi na kuwasha. Aliyeutengeneza ndiye anayejua kuurekebisha mpaka utoe betri zisizo na kasoro, na ujuzi huo huishi kichwani na mikononi mwa watu. Nchi inaponunua mtambo na kumzuia fundi wake, imenunua chuma. Na wanaosubiri si wenye kiwanda pekee. Kiwanda cha magari kinangoja betri, na wenyeji waliokwisha kuahidiwa ajira nao wanangoja.

Wakati mwingine biashara haisubiri, inahama. Marekani ina viza ya wafanyakazi wenye taaluma, H-1B. Idadi yake kwa mwaka ilikuwa 195,000, ikashushwa hadi 65,000 mwaka 2004. Mtafiti Britta Glennon alifuatilia kampuni za kimataifa baada ya hapo na kukuta kuwa zile zilizokuwa zikiitegemea viza hiyo ziliongeza ajira kwenye matawi yao ya nje, hasa Kanada, India na China. Mtu alizuiwa mpakani, na kazi ikamfuata aliko.

Mhamiaji akiwa ndiye daraja

Mpaka hapa nimemzungumzia mhamiaji kama mfanyakazi kwenye pete ya mnyororo. Lakini kuna wakati yeye ndiye anayezifunga pete mbili zikashikana.

Kuuza bidhaa nchi ngeni ni kazi ya kuaminiana. Nani analipa kwa wakati? Nani akisema "kesho" anamaanisha kesho? Mtu aliyeishi pande zote mbili anajua majibu. Baada ya vita vya Vietnam kuisha mwaka 1975, wakimbizi wa Kivietnam walitawanywa katika majimbo mbalimbali ya Marekani, na biashara kati ya nchi hizo mbili ilikuwa imepigwa marufuku. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1994, watafiti Christopher Parsons na Pierre-Louis Vézina waliona kwamba mauzo kwenda Vietnam yalikua haraka zaidi kutoka kwenye majimbo yenye Wavietnam wengi. Watu walikuwa wamefika miaka 20 kabla ya mzigo.

Morris Chang ni mfano wa mtu mmoja mmoja. Alizaliwa Ningbo, China, mwaka 1931, akahamia Marekani mwaka 1949, na akafanya kazi miaka 25 katika kampuni ya Texas Instruments. Taiwan ikamwita, na mwaka 1987 akaanzisha TSMC, kiwanda kinachowatengenezea wengine chipu, yaani vipande vidogo vinavyoendesha vifaa vya kielektroniki, badala ya kubuni zake. Simu na kompyuta nyingi duniani leo zinapitia kwenye pete hiyo, iliyosukwa na mtu aliyehama mara mbili.

Uganda ilijifunza somo hilo kwa kulivunja. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Wengi walizaliwa humohumo, watoto na wajukuu wa waliohamia zamani. Maduka na viwanda vyao viligawiwa watu wapya, ambao mitaa iliwabatiza jina la mafutamingi. Majengo walipewa, na bidhaa zilizokuwa kwenye rafu walizikuta. Ambacho hakingeweza kugawiwa ni anwani za wauzaji wa nje, mkopo wa mali uliotolewa kwa neno la mdomo, na kumbukumbu ya nani huleta nini na lini. Rafu zilipokwisha hazikujaa tena. Uzalishaji wa sukari ukaanguka, sabuni na chumvi zikawa adimu, na magendo yakachukua nafasi ya biashara. Zipo sababu nyingine za kuanguka kwa uchumi ule, kwanza kabisa utawala wenyewe. Lakini yeyote anayedhani kuwa biashara ni jengo na mali iliyomo, aitazame miaka ile.

Upande ambao watetezi wa uhamiaji huuruka

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na watetezi wa uhamiaji hupenda kuishia hapo. Mimi siwezi kuishia hapo. Vibarua wengi wa bei nafuu humwezesha mwajiri kuahirisha mashine na kuacha mazingira mabaya yabaki mabaya. Katika kazi chache mahususi, mwenyeji mwenye elimu ndogo anaweza kubanwa. Na kuna mnyororo mzito zaidi, ule wa deni.

Mfanyakazi wa Nepal au Bangladesh anayetaka kazi ya kiwandani Malaysia mara nyingi humlipa wakala wa ajira kabla hajaondoka. Pesa hizo hukopwa kwa riba. Anafika tayari akidaiwa mishahara ya miezi mingi, kibali chake kikiwa kimefungwa kwa mwajiri mmoja, na pengine pasipoti yake imeshikwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuacha kazi hata akinyanyaswa. Wataalamu wa kazi huita hali hiyo utumwa wa madeni, na kwa miaka mingi wanunuzi wa nchi tajiri waliona ni jambo la huko mbali.

Kisha likawafikia. Julai 2020, katikati ya janga lililofanya glavu za hospitali kuwa kama dhahabu, forodha ya Marekani ilizuia bidhaa za kampuni tanzu mbili za Top Glove ya Malaysia, mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani wa glavu za mpira. Ilidai kuna dalili za kazi za kulazimishwa kwa wafanyakazi wahamiaji. Machi 2021 ilitangaza kuwa imepata ushahidi, na shehena zikaanza kukamatwa bandarini. Hospitali na wasambazaji ambao hawakuwahi kusikia habari za mawakala wa ajira wakajikuta wanatafuta glavu kwingine. Ujerumani nayo ina sheria, iliyoanza kutumika Januari 2023, inayozitaka kampuni kubwa zichunguze hali ya haki za binadamu kwa wasambazaji wao.

Top Glove iliboresha makazi na mazingira ya kazi, na ikalipa zaidi ya dola milioni 30 kwa wafanyakazi, nyingi zikiwa ni kurejesha ada ambazo walitozwa ili wapate kazi. Septemba 2021 kizuizi kiliondolewa na makontena yakaruhusiwa kupita.